Eti simu inakagua picha zako? Sakata la Apple, watoto na faragha, tulielewe taratibu

 

Kuna swali naulizwa kila nikikaa na jamaa zangu hapa kafe: "Eti ni kweli simu inaweza kuangalia picha zangu halafu ikanichoma polisi?" Jibu fupi: inategemea picha ziko wapi na zimehifadhiwa na nani. Jibu refu ndo hili hapa chini. Mi sio mtaalamu wa kompyuta, nimeishia kidato cha nne, lakini jambo hili nimelisoma kwa muda mrefu. Na kwa kuwa nina mdogo wangu wa darasa la sita anayeshika simu ya mama kila jioni, halijawahi kuwa la mbali kwangu. Vuta kiti.

ILIANZIA WAPI

Tarehe 5 Agosti 2021 kampuni ya Apple, wale wenye iPhone, walitangaza mambo matatu kwa mpigo, yote kwa jina la kulinda watoto.

La kwanza, iPhone za Marekani zingeanza kutambua picha za watoto wanaodhalilishwa kingono pale mtu anapozipeleka iCloud, yaani ile stoo ya Apple ya mtandaoni. La pili, simu ya mtoto ingeziba kwa ukungu picha ya utupu inayoingia au kutoka kwenye programu ya Messages. La tatu, ukitafuta mambo ya namna hiyo kwenye simu, Siri angekuonya na kukuonyesha pa kupata msaada.

La tatu halikuleta kelele. La pili lilileta kelele kiasi. La kwanza ndo lilizua kasheshe la dunia nzima.

Na kasheshe lenyewe lilichanganya watu, maana wengi walisikia yote matatu kama kitu kimoja. Wakadhani simu ya kila mtu itatafuta picha za utupu halafu ipige ripoti. Sivyo. Bosi wa programu wa Apple, Craig Federighi, ilibidi akae na gazeti la Wall Street Journal wiki moja baadaye kukiri kwamba ujumbe wao ulifika umechanganyika vibaya. Ndo maana inabidi tuanze kwa kuelewa mtambo ulivyokuwa, halafu tubishane.

MTAMBO ULIVYOTAKIWA KUFANYA KAZI

Mnakumbuka tulivyopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole? Mashine haihitaji kuijua sura yako. Inachukua alama ya kidole na kuangalia kama inafanana na iliyoko kwenye orodha. Basi picha nayo inaweza kutengenezewa alama ya kidole. Kompyuta inaisoma picha na kuigeuza kuwa namba ndefu. Picha ile ile, hata ukiipunguza ukubwa au ukaibadili rangi kidogo, inatoa namba ile ile au inayokaribiana.

Hili halikuanza na Apple. Mwaka 2009 Microsoft wakishirikiana na Profesa Hany Farid, wakati huo akiwa chuo cha Dartmouth, walitengeneza PhotoDNA kwa kazi hiyo hiyo. Facebook, Google na wengine wamekuwa wakitumia mitambo ya aina hii kwa miaka. Orodha ya alama za picha chafu inatunzwa na mashirika kama NCMEC la Marekani, lililoanzishwa 1984 kushughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Picha zilizoko kwenye orodha ni zile ambazo tayari zilishakamatwa na kuthibitishwa. Mtambo unatafuta picha inayojulikana, haubahatishi.

Apple waliita wa kwao NeuralHash. Kila picha ingepewa namba yenye tarakimu 96 za 0 na 1. Tofauti yao na wengine ilikuwa moja, na hiyo moja ndo chanzo cha ugomvi wote: kulinganisha kungefanyika ndani ya simu yako. Wengine wanakagua picha ikishafika kwenye seva zao.

Chukulia mfano wa stendi ya mabasi. Ukifika na begi, mlinzi anakagua kabla halijapakiwa. Hakuna anayeshangaa, basi ni lao. Sasa chukulia kampuni ya basi inasema: "Ili tusikufungulie begi stendi, tutaweka mlinzi chumbani kwako, awe anaangalia unapopanga nguo. Ila anaangalia zile unazopeleka stendi tu, za kubaki nyumbani hazimhusu." Umeona? Apple waliona hiyo ni heshima zaidi, kwa sababu mlinzi hatoi siri mpaka aone kitu kwenye orodha. Wapinzani waliona mlinzi yuko chumbani, basi.

Tuwatendee haki Apple, walijitahidi kuweka breki. Simu yenyewe isingejua kama picha imefanana na orodha. Ingeambatanisha tu kibahasha kilichofungwa kwenye kila picha inayopanda iCloud. Apple wasingeweza kukifungua mpaka zifike picha kama 30 zilizofanana. Hapo mtu wa Apple angeangalia nakala zilizopunguzwa ubora, akithibitisha akaunti inafungwa na taarifa inakwenda NCMEC. Alama ya picha ingeingia kwenye orodha tu kama imetolewa na mashirika yasiyopungua mawili, yaliyo chini ya serikali tofauti. Walidai uwezekano wa kumkamata mtu kimakosa ni chini ya akaunti 1 kati ya trilioni 1 kwa mwaka. Na ukizima picha za iCloud, mtambo haufanyi kitu.

KWA NINI WALITAKA KUFANYA HIVI

Hapa wengi huwa wanaruka, na mimi sitaki turuke.

Mwaka 2020 NCMEC walipokea taarifa zaidi ya milioni 21 kutoka kwa kampuni za mtandao. Facebook peke yao walituma zaidi ya milioni 20. Apple walituma 265. Ndiyo, mia mbili sitini na tano, kampuni ambayo iPhone zake zinazotumika zilishapita bilioni 1. Haimaanishi wenye iPhone ni malaika. Maana yake ni kwamba Facebook walikuwa wanaangalia na Apple, kwa sehemu kubwa, hawakuwa wanaangalia.

Halafu kuna watoto wenyewe. Picha ya namna hii sio "picha mbaya" kama tunavyosema mtaani. Ni ushahidi wa tukio, mtoto fulani alifanyiwa kitendo na mtu akakipiga picha. Mtoto anakua, anakuwa mtu mzima, anaolewa au anapata kazi, picha bado inazunguka. Marekani waathirika wana haki ya kuarifiwa picha yao ikikamatwa kwenye kesi mpya, na wapo wanaopata barua hizo tena na tena mpaka utu uzima. Kwao kila anayeipakua anarudia kile kitendo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "faragha ni muhimu", ana haki ya kukuuliza: faragha ya nani? Yangu je?

Mi swali hilo sijawahi kulipatia jibu jepesi. Na anayekwambia analo, mtilie shaka.

SASA KWA NINI WATU WALIKATAA

Waliokataa hawakuwa wahuni wanaoficha mambo. Walikuwemo watetezi wa haki kama EFF, mabingwa wa usalama wa kompyuta, mkuu wa WhatsApp wa wakati huo Will Cathcart, na hata wafanyakazi ndani ya Apple. Tarehe 19 Agosti 2021 mashirika zaidi ya 90 kutoka sehemu mbalimbali za dunia yalimwandikia mkuu wa Apple, Tim Cook, yakimtaka aache. Hoja zao nimezigawa nne.

Hoja ya kwanza: orodha inabadilika. Mtambo haujui picha ya mtoto wala picha ya nyani. Unajua namba. Leo kwenye orodha kuna namba za picha za unyanyasaji. Kesho serikali fulani inasema, "Ongeza na bango hili la upinzani, ongeza na katuni hii ya rais." Apple walijibu kwamba watakataa. Wapinzani wakauliza, mtakataa vipi? Mwaka 2017 Apple waliondoa programu za VPN kwenye duka lao la China kwa sababu sheria ya kule ilitaka. Mwaka 2018 data za iCloud za wateja wa China zilihamishiwa kwenye kampuni inayomilikiwa na serikali ya jimbo la Guizhou. Ukiwa huna mtambo unaweza kusema "hatuna uwezo huo". Ukishautengeneza, unabaki kusema "hatutaki", na serikali inajua namna ya kumfanya asiyetaka atake.

Nasi tunaoshinda kafe tuna mfano wetu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe kufunga kamera za kurekodi yanayofanyika ndani. Lengo likielezwa kwa maneno ya usalama, nani atabisha? Lakini mwanafunzi anayetafuta habari za ugonjwa wa siri, au binti anayeandika malalamiko dhidi ya bosi wake, naye yumo kwenye mkanda huo huo. Kamera haichagui.

Hoja ya pili: mtambo unadanganyika. Tarehe 18 Agosti 2021, siku 13 tu baada ya tangazo, watu waliuchimbua NeuralHash kutoka ndani ya iPhone zilizokuwa mikononi mwa watu, maana ulishawekwa humo kimyakimya. Ndani ya saa chache mtu akatengeneza picha ya kijivujivu isiyo na maana yoyote, ambayo alama yake ya kidole ilikuwa sawasawa na ya picha ya mbwa. Apple wakasema huo sio mtambo wa mwisho na kwamba kuna ukaguzi wa pili kwenye seva. Inawezekana kabisa. Lakini fikiria mbaya wako anakutumia picha 30 za mazingaombwe zinazoonekana kama maua, zinajihifadhi zenyewe, kisha wewe ndo unaanza kujieleza.

Hoja ya tatu ilitoka kwa watu waliokwishajaribu. Watafiti wawili wa chuo cha Princeton walikuwa wamejenga mtambo unaofanana na huu. Waliandika kwenye Washington Post mwezi huo huo kwamba ulifanya kazi, na ndiyo maana wanaonya kwamba ni hatari. Hawakupata njia ya kuuzuia usigeuzwe kuwa wa upelelezi na wa kuzuia habari. Oktoba 2021 mabingwa 14, wakiwemo waliobuni misingi ya ufumbaji wa siri tunayotumia kila siku kama Whitfield Diffie na Ronald Rivest, walitoa waraka mrefu wenye msimamo huo: ukaguzi ndani ya kifaa unaleta hatari kwa jamii nzima, na haukuhakikishii kumkamata mhalifu.

Hoja ya nne ilihusu simu za watoto. Mpango wa mwanzo ulisema mtoto wa chini ya miaka 13 akifungua picha iliyozibwa, mzazi anapata taarifa. Kwenye familia nzuri ni jambo jema. Lakini watetezi wa watoto wakauliza: na ikiwa mzazi mwenyewe ndo mnyanyasaji? Na ikiwa taarifa hiyo itamletea mtoto kipigo cha kumvunja mkono? Tusijifanye hatuzijui nyumba hizo, tunazijua.

ILIVYOISHIA

Tarehe 3 Septemba 2021 Apple walirudi nyuma, wakasema wanaahirisha ili wasikilize maoni. Desemba 2021 ile huduma ya kuziba picha za utupu kwenye simu za watoto ilitoka, bila kumtaarifu mzazi. Mtoto anaonywa, anaonyeshwa pa kuomba msaada, uamuzi unabaki kwake. Kuanzia 2023 inakuja ikiwa imewashwa tayari kwa watoto wa chini ya miaka 13.

Ule mtambo mkubwa haukutoka. Tarehe 7 Desemba 2022 Apple walisema wameuacha. Na siku hiyo hiyo walitangaza kitu cha upande wa pili kabisa: mtu akitaka, picha zake za iCloud zifumbwe mwisho hadi mwisho, Apple wenyewe wasiweze kuziona. Mwaka 2023, shirika la Heat Initiative lilipowabana kwa nini waliuacha, walijibu kwa hoja zile zile walizokuwa wakizipinga 2021: kwamba ukianza kukagua kitu kimoja umefungua mlango wa kukagua vyote.

Wanaotetea waathirika hawajawasamehe. Mwaka 2023 Apple walituma NCMEC taarifa 267 kwa dunia nzima. Shirika la watoto la Uingereza, NSPCC, likaonyesha kwamba polisi wa England na Wales peke yao, kati ya Aprili 2022 na Machi 2023, waliandikisha makosa 337 ya picha hizi yaliyohusisha huduma za Apple. Eneo moja limeizidi dunia! Desemba 2024 mwanamke mmoja Marekani, ambaye picha zake za utotoni zimesambazwa kwa miaka, alifungua kesi dhidi ya Apple kwa kuutupa mtambo ule. Kesi inawagusa waathirika wanaokadiriwa kufikia 2,680, na fidia inaweza kuvuka dola bilioni 1.2.

Serikali nazo hazijalala. Tume ya Ulaya ilipendekeza Mei 2022 sheria ambayo ingeweza kuzilazimisha huduma za ujumbe kukagua, hata zilizofumbwa. Bunge la Ulaya likaikatalia sehemu hiyo 2023, na Novemba 2025 nchi wanachama nazo zikakubaliana msimamo usiolazimisha ukaguzi. Uingereza walikuja na lao: Februari 2025 Apple waliondoa ile huduma ya kufumba iCloud kwa wateja wapya wa huko, baada ya habari kwamba serikali iliwataka wafungue mlango wa nyuma. Kwa hiyo msidhani ugomvi umekwisha, umebadili ukumbi tu.

BABA ALIYEPIGA PICHA YA DAKTARI

Kisa hiki kilitolewa na New York Times Agosti 2022, na mi naona ndo kinaeleza vizuri kuliko mabishano yote.

Februari 2021, wakati wa korona, baba mmoja wa San Francisco aliona mwanawe mdogo amevimba sehemu za siri. Hospitali zilikuwa zinapokea watu kwa video, nesi akaomba picha zitumwe kabla. Wazazi wakapiga, wakatuma, daktari akatoa dawa, mtoto akapona. Simu ya baba ilikuwa ya Android na picha zilijihifadhi zenyewe Google. Siku mbili baadaye akaunti yake ikafungwa.

Angalieni, hapa haikuwa alama ya kidole. Picha ile ilikuwa mpya, haikuwepo kwenye orodha yoyote. Google wana mtambo mwingine unaokisia picha mpya, na wao ulifanyika kwenye seva zao, sio ndani ya simu. Kisheria hawakukosea kutoa taarifa. Lakini baba akapoteza barua pepe za miaka, picha za mtoto tangu azaliwe, na hata namba ya simu, maana nayo ilikuwa ya Google. Polisi walichunguza kila kitu wakaandika kwamba hakuna kosa. Google wakakataa kurudisha akaunti.

Mimi jambo hili nalielewa kwa uchungu. Mwaka juzi niliwahi kufungiwa barua pepe na kampuni moja, jina tuliache. Sio kwa sababu ya picha. Niliingia kwa kompyuta ya kafe nyingine, wakataka namba ya siri kwenye laini iliyokuwa imeondoka na simu niliyoibiwa. Vyeti nilivyoskani, maombi ya kazi, anwani za watu, vyote kwaheri. Niliandika ujumbe nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, mashine ile ile. Sasa kama kufungiwa kwa kosa dogo kunauma hivyo, fikiria ufungiwe kwa tuhuma ambayo hata kuitamka mbele ya mama mkwe huwezi.

Kwa hiyo swali sio tu "mtambo unapatia kiasi gani?" Swali ni: ukikosea, nani anapokea simu? Kwa jamaa wa San Francisco aliyesafishwa na polisi, hakuna aliyepokea. Wa Mbagala au Kisauni je?

NA HUYO "MTU ATAKAYEANGALIA" NI NANI

Kila kampuni inasema mwisho wa mtambo kuna binadamu anayethibitisha. Wengi wa binadamu hao sio wa California. Nairobi, kampuni ya Sama ilifanya kazi hiyo kwa niaba ya Facebook, vijana wa rika letu wakikaa zamu nzima kuangalia mauaji na unyanyasaji wa watoto. Mwaka 2023 zaidi ya 180 walikuwa mahakamani Kenya dhidi ya Meta na wakandarasi wake, na nyaraka za kitabibu zilizowasilishwa 2024 zilionyesha zaidi ya 140 wana tatizo kubwa la akili litokanalo na kiwewe. Tunapobishana juu ya usalama na faragha tukumbuke kuna kijana wa Afrika Mashariki anayelipa gharama ya tatu, na hayumo kwenye mjadala.

SASA SISI TUFANYEJE

Msimamo wangu nausema, nyie mtanipinga huko chini. Naona kampuni ina haki ya kukagua vitu unavyoweka kwenye stoo yake, ilimradi ikwambie wazi na iwe na mlango wa rufaa wenye binadamu nyuma yake. Lakini simu niliyonunua kwa pesa yangu isifanywe askari dhidi yangu, hata kwa sababu nzuri, kwa kuwa sababu nzuri ndo huanza na mbaya hufuata. Kwa upande wa watoto, ile ya kuziba picha na kumpa mtoto neno la onyo naiunga mkono mia kwa mia, inamkuta kabla hajaumia. Najua msimamo huu una bei. Wapo wahalifu watakaojificha humo, na yupo mtu mzima mahali fulani ambaye picha yake ya utotoni itaendelea kuzunguka. Ndo maana siwezi kuusema nikiwa nacheka.

Mengine ni ya vitendo:

1. Jua picha zako zinakwenda wapi. Kwenye Android fungua Google Photos uone kama kuhifadhi kumewashwa. Ujumbe wa WhatsApp umefumbwa mwisho hadi mwisho, lakini nakala inayokwenda Google Drive haifumbwi mpaka uwashe mwenyewe, kitufe kipo tangu 2021. Picha za wasifu na za magrupu WhatsApp wanazikagua, na wamewahi kusema wanafunga zaidi ya akaunti 300,000 kwa mwezi kwa makosa ya picha za watoto.

2. Picha ya mtoto akiwa uchi, hata ya kuoga au ya kumwonyesha daktari, usiiache ijihifadhi mtandaoni. Ukiweza mpeleke mtoto mwenyewe akaonwe.

3. Ukitumiwa picha ya mtoto anayenyanyaswa kwenye grupu, usiisambaze hata kwa nia ya kulaani au "kumtafuta mhusika". Tanzania, kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza. Kenya ni kifungu cha 24 cha sheria yao ya 2018. Sheria haiangalii kama uliweka emoji ya kulia. Toa taarifa polisi, au piga 116, namba ya kusaidia watoto Tanzania na Kenya, ni bure.

4. Kompyuta ya kafe sio ya kwako. Ukiskani cheti au ukichomeka simu, futa ulichoacha na utoke kwenye akaunti. Kabla ya kumwogopa Apple, mwogope anayekaa kwenye kiti hicho baada yako.

5. Vyeti na picha muhimu weka sehemu mbili. Akaunti moja ikifungwa, maisha yasifungwe.

Na lingine, halihitaji hata intaneti: ongea na mdogo wako. Nilimuuliza wa kwangu, mtu usiyemjua akikuomba picha utafanyaje? Akanijibu, "Nitamwambia mama." Nikamuuliza, na kama anayeomba ni mtu tunayemjua? Akanyamaza. Hapo ndo tulipoanzia maongezi, na hakuna mtambo wa kampuni yoyote ungeanza pale.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ungekubali simu yako ikague picha kama ingeokoa mtoto mmoja? Na ungekubali bado kama orodha ingetunzwa na serikali yako? Andika hapo chini, matusi nafuta, hoja naziacha hata zikiniumiza.